Dodoso la wasanidi programu: kuanzia swali la kwanza hadi kero ya kwanza kurekebishwa

Msanidi programu anayesubiri dakika 40 kila majaribio ya otomatiki yanapoendeshwa anajua fika kinachomchelewesha, na seva nazo zinautunza muda huo. Ambalo seva haziwezi kusema ni kama kusubiri huko ndiko kunakomkera zaidi, au angekuvumilia laiti nyaraka za mfumo zingesomeka na vikao vya asubuhi vingepungua. Hayo hayajulikani bila kumuuliza mwenyewe, na ndiyo sababu kampuni huandaa dodoso.

Ila kuuliza ni kuahidi, na ahadi ni deni. Mtu akitoa dakika 10 zake kueleza kinachomkwamisha, anatarajia kuona kitu kikibadilika. Asipokiona, awamu ya pili atajaza mradi amalize, na ya tatu hatajaza kabisa. Ndiyo maana kazi kubwa ya dodoso hufanyika kabla ya kuandika swali la kwanza na baada ya kupokea jibu la mwisho.

Kabla ya yote, angalieni idadi yenu. Kampuni yenye wasanidi chini ya 15 haihitaji dodoso. Kaeni na kila mmoja kwa nusu saa, mzungumze. Mtajifunza mengi zaidi, na kwa idadi hiyo hakuna siri ya majibu inayoweza kulindwa hata hivyo.

Hatua ya 1: Andika uamuzi kabla ya swali

Chora jedwali la safu nne: uamuzi unaotakiwa kufanywa, nani anaufanya, swali litakalomsaidia, na tutafanya nini jibu likiwa baya. Mfano wa mstari uliokamilika: kiongozi wa timu ya zana ana wahandisi 2 wa kutumia robo ijayo ya mwaka, anataka kujua awapeleke kwenye kuharakisha ujenzi wa programu (build, yaani kugeuza msimbo ulioandikwa kuwa programu inayoendeshwa) au kwenye kutuliza mazingira ya majaribio yanayoanguka ovyo, swali ni lipi kati ya hayo linawakwamisha watu zaidi, na jibu lolote litakalokuja, wahandisi hao wawili wanaanza kazi mwezi unaofuata.

Swali lisiloweza kujaza safu ya nne lifutwe. Ukiuliza kama watu wanaridhika na mishahara wakati hakuna mwenye mamlaka ya mishahara katika kundi linaloandaa dodoso, umefungua kidonda usichoweza kukitibu. Iachie idara ya rasilimali watu.

Omba pia muda wa utekelezaji sasa, kabla matokeo hayajajulikana. Kiwango kinachofaa kwa kuanzia ni wahandisi wawili kwa wiki 4 hadi 6, waliotengwa mapema kwenye mpango wa kazi. Uongozi ukikataa kutenga hata hicho, ahirisha dodoso. Likifanyika bila muda huo, mapendekezo yatapangwa foleni nyuma ya kazi za bidhaa na kubaki huko.

Kisha zungumza na watu 6 hadi 8 wa timu na vyeo tofauti, akiwemo mgeni wa miezi mitatu na mkongwe wa miaka mingi. Ombi moja linatosha: "Nieleze kazi ya mwisho uliyoikamilisha, tangu ulipopewa hadi ilipowafikia watumiaji. Ulikwama wapi?" Andika maneno yao kama walivyoyasema, maana ndiyo utakayotumia kwenye dodoso. Kama wote wanaita mazingira fulani ya majaribio kwa jina la utani, tumia jina hilo badala ya lile la kwenye nyaraka.

Hatua ya 2: Chagua mada

Huna haja ya kubuni mada kutoka hewani. Mfumo wa SPACE, uliochapishwa mwaka 2021 na mtafiti Nicole Forsgren na wenzake, unagawa tija ya wasanidi katika pande tano: kuridhika na ustawi, utendaji, shughuli, mawasiliano na ushirikiano, na ufanisi wa kazi isiyokatizwa. Mwaka 2023, Abi Noda, Margaret-Anne Storey, Forsgren na Michaela Greiler waliyapunguza mambo kuwa matatu: kasi ya mrejesho, mzigo wa kufikiri, na uwezo wa kuzama kazini. Kwa dodoso la kwanza, hayo matatu ndiyo rahisi kuyageuza kuwa maswali.

Kwa vitendo, mada huishia kuwa hizi: kuandaa kompyuta na mazingira ya kazi, ujenzi na majaribio, ukaguzi wa msimbo (mwenzako kuusoma kabla haujakubaliwa), kupeleka toleo kwa watumiaji, nyaraka, kupata ruhusa za mifumo, uwazi wa mahitaji ya kazi, muda usiokatizwa, zamu za dharura, na uchakavu wa msimbo wa zamani. Maswali mawili kwa kila mada yanakupa 20. Ongeza moja la kuchagua vipaumbele, mawili ya kuandika kwa maneno na matatu ya kumhusu mjibuji, ufunge hesabu hapo. Dodoso la ukubwa huo hujazwa kwa dakika 8 hadi 10. Likizidi dakika 15, watu huanza kubofya safu moja kutoka juu hadi chini bila kusoma.

Hatua ya 3: Andika maswali

Hapa ndipo madodoso mengi yanapoharibika, na uharibifu wenyewe hauonekani. Swali bovu halikatai kujibiwa. Hurudisha namba nzuri tu, isiyo na maana.

Chukua swali hili: "Je, unakubali kwamba zana zetu ni za haraka na za kuaminika?" Lina makosa matatu. Linauliza mambo mawili kwa pamoja, hivyo mwenye zana za haraka zinazoanguka kila siku hana pa kuweka alama. Limemwelekeza mjibuji kwenye jibu linalotakiwa. Na linatumia kipimo cha kukubali au kukataa, ambacho kina kasoro inayojulikana: watu wengi huelemea kukubali, hasa wakiwa wamechoka. Kipimo cha ngazi kilichoasisiwa na Rensis Likert mwaka 1932 bado ni chombo kizuri, lakini ngazi zenyewe zitaje jambo linalopimwa. Ligawe swali: "Katika wiki 4 zilizopita, ujenzi wa programu kwenye kompyuta yako ulikuwa wa haraka au wa polepole kiasi gani?" Ngazi: polepole sana, polepole kiasi, wastani, haraka kiasi, haraka sana. Swali la pili liulize ni mara ngapi ujenzi ulishindikana kwa sababu isiyohusu msimbo aliouandika yeye.

Kila ngazi iwe na maneno yake. Ukiandika tu "1 hadi 5", wapo watakaodhani 1 ni bora. Na nje ya ngazi hizo weka chaguo la "hainihusu". Asiyewahi kushika zamu ya dharura akikosa chaguo hilo ataweka alama ya katikati, na wastani wako wa zamu utajaa watu wasiojua zamu ni nini.

Jambo la pili ni kumbukumbu. "Kwa kawaida unasubiri ukaguzi wa msimbo kwa muda gani?" ni swali linalomlazimisha mtu kupiga hesabu kichwani, na kichwa hukumbuka siku mbaya kuliko zote. Uliza tukio moja: "Mara ya mwisho ulipowasilisha msimbo ukaguliwe, maoni ya kwanza yalikuja baada ya muda gani?" Machaguo: chini ya saa 1, saa 1 hadi pungufu ya saa 4, saa 4 au zaidi lakini siku hiyo hiyo, siku ya kazi iliyofuata, siku 2 za kazi au zaidi, bado nasubiri, sijawasilisha msimbo katika wiki 4 zilizopita. Hayo mawili ya mwisho husahaulika mara nyingi, na "bado nasubiri" ndilo jibu la mtu anayeteseka zaidi.

Swali lenye thamani kuliko yote ni la kuchagua vipaumbele: "Kati ya mambo haya 10, chagua yasiyozidi 3 ambayo yakirekebishwa yatakupunguzia kero zaidi." Panga programu ibadilishe mpangilio wa orodha kwa kila mjibuji, kwa sababu vitu vya juu huchaguliwa zaidi. Swali hili hutenganisha kibaya na kinachokera. Nyaraka karibu kila mahali hupata alama za chini. Hiyo haimaanishi kwamba ndizo za kushughulikia kwanza.

Maswali ya kuandika yawe mahususi. "Una maoni mengine?" huleta ukimya au hasira. Jaribu: "Ni kitu gani kimoja kilikupotezea muda mwingi zaidi wiki iliyopita, na kilitokeaje?" La pili liulize kinachofanya kazi vizuri kisichopaswa kuguswa. Bila hilo, kuna hatari ya kuondoa kitu wanachokipenda ukidhani unaboresha.

Usifanye maswali yote kuwa ya lazima. Mtu akilazimishwa hudanganya ili apite.

Hatua ya 4: Linda majibu, na useme ukweli kuhusu ulinzi huo

Kuna aina mbili za dodoso, na usizichanganye. Dodoso lisilotambulisha hutumia kiungo kimoja kwa wote, halikusanyi barua pepe wala anwani ya mtandao ya kompyuta. Gharama yake ni kwamba mtu anaweza kujaza mara mbili, na huwezi kumkumbusha tu ambaye hajajaza. Dodoso la siri humpa kila mtu kiungo chake. Mfumo unamjua, lakini watu wachache tu ndio wanaoweza kuona. Ukichagua la siri, usiliite lisilotambulisha. Wasanidi watakiona kitambulisho kwenye anwani ya kiungo ndani ya dakika moja, na imani itakuwa imekwisha.

Punguza maswali ya kumhusu mtu hadi matatu: timu, muda aliokaa kazini kwa makundi mapana, na aina ya kazi. Hata hayo yana hatari. Timu 10, makundi 4 ya muda na aina 4 za kazi hutoa visanduku 160. Kama wasanidi ni 120, visanduku vingi vitakuwa vitupu na vingine vitakuwa na mtu mmoja, yaani jina lake limeandikwa bila kuandikwa. Kwa hiyo usitoe ripoti inayokutanisha sifa mbili, na usionyeshe kundi lenye majibu chini ya 5.

Kizingiti cha watu 5 peke yake hakitoshi. Tuseme idara ina majibu 14 kutoka timu tatu, zenye majibu 6, 5 na 3. Timu ya tatu umeificha. Lakini ripoti inaonyesha wastani wa idara ni 3.5, timu ya kwanza 4.0 na ya pili 3.8. Meneja mwenye kikokotoo atafanya hivi: 14 mara 3.5 ni 49. Toa 24 za timu ya kwanza na 19 za timu ya pili. Zinabaki 6, gawanya kwa watu 3, na timu iliyofichwa imepatikana ikiwa na 2.0. Dawa ni kuiunganisha timu ndogo na jirani yake kabla ya kuhesabu chochote, na muunganiko huo utangazwe tangu mwanzo.

Andika kwa sentensi chache nani anashika majibu ghafi (watu wawili wanatosha, na asiwemo meneja wa yeyote anayejibu), yatafutwa lini, na kwamba hayatatumika katika tathmini ya utendaji. La mwisho hilo liwekwe kwenye maandishi na mkuu wa uhandisi mwenyewe.

Hatua ya 5: Jaribu kwa watu watano

Kaa na msanidi mmoja mmoja, mwambie ajaze huku akisema kwa sauti anachofikiri. Usimsaidie. Akisoma "kupeleka toleo" akauliza "kwenye mazingira ya majaribio au kwa watumiaji?", swali lina tundu. Pima muda. Watu watano huibua matatizo mengi makubwa. Rekebisha, kisha jaribu kwa wengine wawili. Jaza pia wewe mwenyewe kwenye simu, ufungue lahajedwali la majibu ukague kama limehifadhi kitu ulichoahidi kutohifadhi. Saa kamili ya kutuma jibu ni mojawapo: katika timu ndogo, inaweza kumtaja mtu.

Hatua ya 6: Fungua kwa siku 10 za kazi

Epuka wiki ya toleo kubwa, msimu wa likizo, na wiki mbili zinazozunguka tathmini za utendaji. Fungua Jumanne asubuhi.

Mwaliko utoke kwa mkuu wa uhandisi, uwe mfupi, na ujibu mambo sita: kwa nini tunauliza, itachukua dakika ngapi, nani ataona nini, mwisho lini, matokeo yatatoka tarehe gani, na nani ametengwa kuyafanyia kazi. Kwa mfano: "Wahandisi wawili wametengewa wiki sita kuanzia mwezi ujao kurekebisha mtakayoyataja. Dodoso lina maswali 26 na huchukua dakika 10. Timu yenye majibu chini ya matano itaunganishwa na jirani yake kama ilivyo kwenye orodha iliyoambatishwa. Ripoti mtaisoma wote kwa wakati mmoja."

Kumbusha siku ya 4, siku ya 8 na asubuhi ya siku ya mwisho, basi. Njia inayofanya kazi kuliko vikumbusho ni meneja kuacha dakika 10 za kikao cha timu watu wajaze palepale, naye atoke nje. Usitoe zawadi kwa timu itakayojaza yote. Wenzake watamsukuma asiyetaka, naye atajaza chochote.

Lenga asilimia 70 au zaidi. Kilicho muhimu kuliko asilimia hiyo ni nani amekosekana. Kama kati ya wasanidi 120 wamejibu 84, angalia kila timu imejibu kwa kiasi gani. Ukimya wa timu moja ni taarifa: huenda wamezidiwa na kazi, au hawaamini kwamba majibu ni siri. Zungumza na kiongozi wao kabla ya kufunga, bila kudai majina.

Hatua ya 7: Soma majibu

Weka wastani pembeni. Timu ya watu 10 ambayo watano wametoa 1 na watano wametoa 5 ina wastani wa 3, sawa na timu ambayo wote wametoa 3, na hali zao hazifanani hata kidogo. Onyesha mgawanyo: asilimia ya walio kwenye ngazi mbili za juu, ya katikati, na mbili za chini.

Heshimu udogo wa makundi. Katika timu ya watu 8, mtu mmoja ni asilimia 12.5. Ikipanda kutoka asilimia 50 hadi 62.5, mmoja tu amebadili mawazo, pengine kwa sababu jana yake mambo yalimwendea vizuri. Usiandike "imeimarika". Kwa kampuni nzima hali ni nzuri zaidi: majibu 80 kati ya watu 120 yana kiwango cha makosa cha karibu asilimia 6 juu au chini, tena iwapo walionyamaza hawatofautiani na waliojibu.

Weka mada kwenye mchoro wa pande mbili: upande mmoja asilimia ya wasioridhika, upande mwingine asilimia ya walioichagua kuwa kipaumbele. Zilizo juu pande zote mbili ndizo kazi yako.

Maoni ya maandishi yasomwe yote. Soma 30 ya kwanza, tengeneza alama 8 hadi 12 za mada, kisha yapangie yote. Mwenzako apange moja ya tano ya maoni hayo bila kuona ulivyopanga. Mkitofautiana sana, maana ya alama haijaeleweka. Usinukuu maoni neno kwa neno. Watu hutambulikana kwa uandishi wao, na jina la mradi mmoja linatosha kumfichua mtu. Yaandike upya kwa maneno yako.

Kisha linganisha na takwimu za mifumo. Ikitokea kwamba mediani (thamani ya katikati) ya kusubiri ukaguzi ni saa 3 lakini watu wanalalamika, usikimbilie kusema wanatia chumvi. Angalia asilimia 10 ya maombi yaliyosubiri zaidi. Mara nyingi utayakuta ni mabadiliko makubwa, au ya msimbo ambao mjuzi wake ni mmoja, na hayo ndiyo yanayokwamisha kazi ya wiki nzima.

Hatua ya 8: Rudisha matokeo, kisha rekebisha

Ripoti itoke ndani ya siku 10 za kazi baada ya kufunga, na wote wapate ile ile. Isipange timu kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Alama za dodoso zikiingizwa kwenye malengo ya mameneja, mwaka unaofuata mameneja watawaomba watu wao wajaze vizuri, na kipimo kitakuwa kimekufa.

Kurasa mbili zinatosha: tulichosikia, mambo 2 au 3 tutakayofanya yakiwa na mwenye jukumu na tarehe, na mambo ambayo hatutafanya sasa pamoja na sababu. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiogopa, na ndiyo hujenga imani zaidi. Mtu akiambiwa waziwazi kwamba mfumo wa zamani wa malipo hautaandikwa upya mwaka huu kwa sababu utaondolewa mwakani, anaelewa.

Jambo la kwanza likamilike ndani ya siku 30, hata kama ni dogo. Kupunguza siku za kupata ruhusa ya hifadhidata kutoka 5 hadi 1 huhitaji barua pepe chache na mtu wa kufuatilia. Likikamilika, litangaze ukitaja kwamba lilitoka kwenye dodoso. Baada ya wiki 6 hadi 8, tuma maswali 3 tu kuhusu mada ulizozigusa ujue kama kero imepungua kweli.

Hatua ya 9: Awamu inayofuata

Rudia kila miezi 6. Kila miezi 3 inafaa tu kama mna uwezo wa kukamilisha marekebisho kwa kasi hiyo. Acha maswali 12 hadi 15 ya msingi yakae vilevile, neno kwa neno, ili yalinganishike, na yaliyobaki yabadilike kulingana na maamuzi ya msimu huo.

Tunza daftari la matoleo: swali gani limebadilishwa, lini, kwa nini. Ukilazimika kubadili swali la msingi, gawa wajibuji nasibu mara mbili kwa awamu moja, nusu wapate maneno ya zamani na nusu mapya. Pengo kati ya nusu hizo litakuonyesha ni kiasi gani cha mabadiliko kinatokana na maneno yenyewe. Pengo likiwa kubwa, kata mstari wa grafu hapo na uanze upya, kisha andika chini yake tarehe na sababu.